Kwa mama lishe wa Ihumwa: mlenda safi, redio mbao inayokaribia ukweli

Niseme mapema: mimi ni mtu wa masjala. Kazi yangu ni mafaili. Kuyafungua, kuyapandisha kwa wakubwa, kuyashusha, kuyarudisha kabatini. Kwa hiyo anayeusifia mgahawa huu ni mtu ambaye asubuhi barua imepita mkononi mwake, halafu mchana anaisikia barua hiyohiyo ikisimuliwa mezani na mtu ambaye hajaitia machoni. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 tuliisoma chuoni Tabora, kiapo cha kutunza siri nimekula, na mdomo wangu nikifika pale ni wa kulia ugali tu. Masikio sikuyaapisha.

Mgahawa hauna kibao. Uko Ihumwa, kando ya barabara itokayo Dodoma mjini kwenda Mtumba: banda la mabati lenye turubai la bluu ubavuni, mwarobaini mmoja mbele, na jaba la maji ya kunawa lenye koki inayovuja. Watumishi wa Mji wa Serikali ulioko Mtumba tunasema "kwa mama", basi. Bodaboda wa kituo cha karibu atakupeleka bila kukuuliza mama yupi.

Tuanze na chakula, maana umbea haujazi tumbo. Cha kuagiza ni ugali na mlenda. Mama ni mwenyeji wa huku, na mlenda wake ni wa Kigogo wenyewe: majani yaliyokaushwa na kutwangwa, karanga zimekolea, ukiuinua kwa tonge unavutika mpaka unajiona umechafua shati. Sisi tuliotoka Tanga tulikuja tukiucheka. Sasa ukiisha kabla sijafika nanuna. Ugali, mlenda na kibakuli cha dagaa ni 2,500. Wali maharage 2,000, ukitaka na nyama 3,500. Kuku wa kienyeji yupo lakini umwagize kabla ya saa nne asubuhi, la sivyo utaambiwa "ameshachukuliwa na wizara fulani". Chapati za asubuhi ni laini. Za mchana zimekakamaa, waachie wageni. Maharage yana chumvi nyingi, nimeshasema, sitasema tena. Juisi ya ubuyu glasi 1,000. Ubuyu ule mwingine ni bure.

Na ubuyu huo ndio hasa ninaoutolea maoni leo, kwa sababu watu wanaolalamika kwamba pale "kuna umbea sana" wanazungumza kama wanaolalamika kwamba sokoni kuna kelele. Hebu tuseme ni umbea wa namna gani.

Ukiingia, upande wa jikoni kuna meza ndefu ya madereva. Magari ya serikali yenye namba za STK yamepangana nje, wenyewe wako ndani wamevua miwani. Kama unataka kujua chochote kuhusu wizara yako, sahau wachumi na maofisa utumishi, kaa karibu na meza hiyo. Dereva ndiye anayepigiwa simu saa nne usiku kwamba kesho alfajiri safari. Ndiye anayebeba begi na kujua uzito wake. Ndiye anayesikia nusu ya simu, ile nusu ya bosi, na nusu ya pili anaijaza mwenyewe njiani kati ya Gairo na Morogoro.

Siku moja nimekaa meza ya pembeni, dereva mmoja wa makamo akasema taratibu, huku anamenya ndizi:

"Mzee wangu birika kalibeba."

Meza nzima ikaacha kutafuna. "Birika gani?"

"La ofisini. La chai. Na mswala wake."

"Picha ya ukutani je?"

"Picha bado."

Wakabishana kuhusu ile picha. Mmoja akasema picha haibebwi, ni ya serikali. Mwingine akasema picha aliyoiona yeye ni ya mahafali ya binti yake, na mtu akiwa hajaibeba bado ana matumaini. Yule mzee zaidi kati yao akafunga mjadala: "Mtu akibeba mswala, kaka, huyo keshaaga." Mama akapita na sufuria, akauliza, "Mnataka maharage au mnasubiri mkeka?" Wakacheka. Mkeka, yaani orodha ya uteuzi, ulitoka wiki hiyohiyo, usiku kama kawaida yake, na yule mkubwa alikuwa amehamishwa.

Hapo redio mbao, yaani tetesi za mdomo kwa mdomo, nyota tano. Lakini kesho yake, mezani palepale, ilishapatikana na sababu: eti alikosana na mkubwa mwenzake juu ya zabuni, eti kuna barua ya malalamiko, eti mke wake alionekana mahali. Sababu halisi niliijua baadaye kwa njia yangu ya kikazi, na haikufanana na hizo hata kwa mbali. Zaidi ya hapo siongezi neno.

Nimekaa pale muda wa kutosha kuona kwamba mambo yanakwenda hivyo karibu kila mara. Redio mbao ya Ihumwa inapatia nani anaondoka, inapatia anakwenda wapi, mara nyingi inapatia na lini. Ikifika kwenye kwa nini, inabuni. Na ukifikiri utaona haina kosa kubwa. Nani na wapi vinaacha alama: birika, begi, gari lililopelekwa gereji kabla ya wakati wake, katibu muhtasi aliyelia chooni. Ile "kwa nini" haiachi alama yoyote. Barua ya uhamisho inasema umehamishwa "kwa manufaa ya umma", mwisho. Nimefungasha barua za namna hiyo nyingi mno. Umma wenyewe umekaa pale kwa mama unauliza ni manufaa gani, na kwa kuwa hakuna anayewajibu, wanajijibu.

Wamarekani wawili, Gordon Allport na Leo Postman, waliandika mwaka 1947 kwamba uvumi unahitaji vitu viwili: jambo liwaguse watu, na habari zake ziwe na ukungu. Kimoja kikikosekana, uvumi haukui. Mwalimu wetu wa Tabora alikuwa akiutaja mwaka huo kila muhula, tukawa tunamwigiza bwenini. Nikiwa pale mgahawani namkumbuka, kwa sababu sijawahi kusikia mtu akibuni habari za likizo yake. Tarehe iko kwenye mfumo, unaiona mwenyewe kwenye simu. Habari zinabuniwa za vyeo, za kukaimu, za nani amepewa safari ya mafunzo, yaani palepale ambapo ofisi imefunga mlango na watu wanaona mwanga chini yake.

Mfano mzuri ni nyongeza ya mishahara ya 2022. Mei Mosi mwaka ule ilifanyika hapahapa Dodoma, tukaambiwa nyongeza ipo, kiwango bado kinapigiwa hesabu. Kwa karibu wiki mbili mgahawa ule uligeuka Hazina. Kila meza ilikuwa na asilimia yake. Tarehe 14 Mei ikatoka taarifa: asilimia 23.3. Kaka mmoja wa uhasibu, mtu wa tarakimu kabisa, alichukua kikokotoo cha simu, akazidisha mshahara wake, akaagiza kuku mzima kwa mkopo. Taarifa ilikuwa imesema kima cha chini. Maneno hayo matatu yalipotea kati ya Ikulu na sahani ya wali. Julai mishahara ilipoingia, wengi wa ngazi za kati wakaona nyongeza ndogo kabisa, na kelele zilizofuata mnazikumbuka. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi mbea anasingiziwa kwamba katunga uongo. Pale hakuna aliyetunga kitu. Namba ilikuwa ya kweli. Watu waliisikia kwa matumbo yao.

Na wamejifunza. Mei Mosi 2025, ilipotangazwa kule Singida asilimia 35.1, sauti ya kwanza niliyoisikia mezani ilikuwa ya mama mwenyewe, mwiko mkononi: "Ya wote au kima cha chini?" Ilikuwa kima cha chini, kutoka 370,000 kwenda 500,000. Hakuna aliyeagiza kuku.

Sasa huyu mama. Sifa kubwa ya mgahawa ni yeye, na sisemi kwa sababu ya mlenda. Ana namna ya kuongoza mazungumzo ambayo wakuu wengi wa idara hawana. Ukileta habari za uhamisho, atasikiliza, hata atachangia. Ukileta za mkopo, za posho, za nyumba za kupanga, karibu. Ukianza kumchimba mtu, anakuja kufuta meza. Anafuta palepale ulipoweka viwiko, polepole, mpaka uinue mikono, na ukiinua mikono sentensi inakatika.

Nilimwona akifanya hivyo kwa vijana wawili waliokuwa wanamsema binti wa idara yao, mgeni, aliyepewa nafasi ya kozi nje ya nchi. Mnajua maneno yanayosemwa juu ya binti aliyepata kozi. Yakaanza ya kuonekana kwenye gari la nani, yakaelekea hotelini. Mama akaja na kitambaa.

"Wanangu, mmeshiba?"

"Bado mama."

"Basi kuleni. Mimi nauza wali, watu siuzi."

Mmoja akajitetea, "Mama, sisi tunaongea tu."

"Huyo binti anakula hapa Jumatano. Nimwambie mlikuwa mnaongea tu?"

Wakanyamaza. Tena si kwa adabu, kwa woga, maana mama hatishii bure. Hapo ndipo tetesi zinapoachana na majungu, na sijui kama kuna semina ya maadili iliyonionyesha wazi kuliko kile kitambaa. Ya birika la mkubwa ilisaidia watu: waliokuwa na madokezo yanayosubiri saini walikimbia kuyawahisha. Ya yule binti haikuwa inamsaidia yeyote kupanga lolote, ilikuwa ya kumpunguza tu.

Mama mwenyewe anajua mengi kutuzidi wote, kwa sababu ya daftari. Anakopesha, na mkopo unalipwa mshahara ukitoka. Ni daftari la kaunta lenye jalada jekundu, na humo hamna jina la mtu hata moja. Kuna "Shati Jeupe", "Baba Mapacha", "Koti", "Anayekohoa". Mimi ni "Kimya". Nilichungulia jina langu nikacheka peke yangu. Anajua nani anadaiwa na watu wa mikopo ya mtandaoni, nani ameanza kula nusu sahani, nani ghafla analipia meza nzima. Hajawahi kusema. Nimewahi kumsikia mtu akimwuliza moja kwa moja kama bosi fulani anadaiwa pale, akajibu, "Daftari langu halijui kusoma." Sisi masjala tuna makabati ya chuma na mihuri ya SIRI, na bado mambo yanavuja. Yeye analiweka daftari juu ya friji.

Wengine watauliza kwa nini watu wasipige soga zao kwenye kundi la WhatsApp wakaokoa nauli ya bodaboda. Wanajaribu. Lakini kundi la idara siku hizi ni pongezi, rambirambi na michango ya harusi, kila mtu anaogopa kupigwa skrinishoti, na tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 watu wanafikiri mara mbili kabla ya kuandika lolote lenye jina ndani yake. Kwa mama unazungumza ukimtazama mwenzio usoni. Anayetia chumvi anaonekana anavyotia. Kuna kaka mmoja wa manunuzi, tunajua wote kwamba akianza na "haki ya Mungu" basi ondoa nusu. Kwenye simu usingejua.

Niliwahi kusoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, mwaka 2019 walisikiliza vipande vya mazungumzo ya watu 467 wakakuta mtu hutumia wastani wa dakika 52 kwa siku kuwasema wasiokuwepo, na sehemu kubwa ya maneno hayo si ya kusifu wala ya kuponda, ni ya kupashana habari tu. Hizo dakika 52 kwa mama zinaisha kabla sahani haijafika, lakini hilo la pili naliunga mkono. Sehemu kubwa ni "fulani amerudi likizo", "fulani mama yake kalazwa", "fulani kapata kiwanja Nala". Msiba wa mwenzetu mmoja tuliupata pale kabla tangazo halijabandikwa, na mchango ukakusanywa palepale kwenye sahani ya bati.

Mkitaka kujua ofisi imeugua kweli, msiangalie umbea ulivyo mwingi. Mwaka 2017, ripoti ya uhakiki wa vyeti ilipotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, tulikuwa bado Posta, Dar es Salaam, tunakula kwa mama lishe mwingine chini ya jengo bovu. Ungedhani mchana ule pangewaka moto kwa maneno. Watu walikula wametazama sahani. Hakuna aliyetaja jina, kwa sababu hakuna aliyejua jirani yake mezani kama yumo au hayumo. Sijawahi kula chakula kibaya kama kile, na alikuwa mpishi mzuri.

Mapungufu ya Ihumwa yapo. Choo ni kimoja, mlango wake unashikiliwa na jiwe. Vumbi la Dodoma kuanzia Juni mpaka mvua zije linaingia hadi kwenye kachumbari. Chenji ni shida ya kudumu. Ana lipa namba lakini mtandao ukikata utaachiwa pipi. Kelele za malori ya kwenda Dar zinakatiza hadithi mahali pabaya, unabaki kuuliza "nani? nani?" kama juha. Na wasichana wa kuhudumia ni wepesi wa miguu lakini wana masikio mapya. Msiwategemee wawe na hekima ya mama yao wa kazi.

Pia, kama wewe ni bosi, nakushauri usiende. Simaanishi utafukuzwa. Utakaribishwa vizuri mno, utaitwa mheshimiwa, utaletewa paja la kuku, na banda zima litageuka maktaba. Alikuja mkurugenzi mmoja, nadhani aliambiwa aonekane karibu na watumishi. Alikaa na meza ya vijana wake akawauliza changamoto. Wakamwambia hakuna changamoto. Alipoondoka, changamoto zilijaa mezani kabla gari halijawashwa. Wakubwa wengine wanakula mjini kwenye hoteli zenye kiyoyozi ambako sahani ni 25,000 na wahudumu wamefundishwa kutosikia. Nimepelekwa huko kwenye chakula cha kumuaga mtu. Kuku alikuwa mkavu, na hotuba zote zilisema anayeondoka ni mchapakazi. Aliondoka kwa nini, hakuna aliyegusia. Tulirudi kazini, na saa saba ya kesho yake Ihumwa kulikuwa na sababu nne.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza: fika saa sita na nusu, kabla ya madereva, upate kiti chenye miguu minne. Omba mlenda ulioko kwenye sufuria ndogo, kubwa ni wa jana. Usiulize habari, kula, zitakufikia. Siku nzuri ni Jumanne na Jumatano. Jumatatu watu bado wana usingizi wa safari, na Ijumaa wanakula wima wakiwahi treni ya SGR, kwa sababu wengi wetu familia zimebaki Dar. Jumamosi mama anafungua, mlenda ni uleule, viti vitupu viko tele, na wa kukuambia chochote wote wako Magufuli Stesheni kule Dar wanatafuta bajaji.